Ijumaa Afisa wa Benki Humpigia Mama

Buhongwa,
Mwanza.
18 Novemba 2024

Mpendwa kaka Rwekaza,

Shikamoo. Natumaini huko Doha u mzima na joto limepungua kidogo. Sisi hatujambo. Magoti yanamsumbua shangazi Rachel, ila ulimi wake haujapata kuumwa hata siku moja.

Umeniuliza kama uendelee kulipia ile huduma ya wateja maalumu, na kama yule afisa wako wa benki anaweza kusimamia ujenzi wa kaburi la mama, kwa kuwa likizo ya Desemba ni ngumu kupata. Nikaona nisikujibu kwa kukisia. Nilikwenda mwenyewe.

Kwa kweli huduma ni nzuri. Nilipotaja jina lako tu nilipitishwa chumba cha pembeni chenye makochi na chai ya maziwa, foleni nikawaachia wananchi. Kiwanja chetu hapa Buhongwa walikifuatilia mpaka hati ikatoka, wewe hukuvuka hata bahari. Kwa mtu anayefanya kazi ugenini, sitasema ni hela ya kutupa.

Afisa wako, Winnie, ni binti wa Rorya, mpole, ana heshima. Akanieleza kwamba uliagiza mama awe anasalimiwa kwa simu kila Ijumaa, na yeye hajaacha. Akasema, "Dada, mama yenu ana moyo. Hakosi kupokea."

Kaka, nilirudisha kikombe mezani. Kumbe msiba hatukumwarifu. Mimi nilidhani umemwambia wewe, nawe bila shaka ulidhani mimi.

Tena kuna jambo hukuambiwa. Aprili, siku tunamzika mama kule kijijini Kamachumu, shangazi alimwekea kile kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna, ili asifike kwa wenzake waliotangulia mikono mitupu. Tumemaliza kufukia ndipo tukakumbuka kuwa simu alikuwa akiiweka humo humo. Tukaiacha. Nani angefukua kaburi kwa ajili ya simu?

Nilijipa moyo kwamba laini amepewa mtu mwingine. Nikamuuliza Winnie huyo mama husema nini. Kihaya hajui, ila kwa kusikia maneno yale yale kila wiki ameyakariri. Akanitamkia, na lilikuwa swali moja tu: "Mwanangu amefika?"

Nilimweleza yote pale pale. Alilia, akaahidi hatapiga tena. Nilipofika nyumbani nikaijaribu ile namba mwenyewe. Haipatikani. Na ingepatikanaje? Ni betri gani inakaa tangu Aprili?

Ijumaa iliyopita Winnie hakupiga. Saa nane mchana, naanika dagaa uani, jua kali, simu yangu ikaita. Jina lililotokea ni Mama. Nilipokea. Nilisikia mvua ikipiga majani ya migomba, na hapa kwetu hapakuwa na wingu. Kisha akauliza swali lake, taratibu, kama anayeuliza habari za jikoni. Nikamjibu, "Bado, mama." Akakata.

Naogopa, kaka, sikufichi. Privatus mume wangu anasema ni uchovu wa msiba, lakini toka siku ile haigusi simu yangu hata iite vipi.

Basi jibu langu ni hili. Huduma endelea nayo ukitaka, kwa viwanja na hati. Kaburi usimpe Winnie. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Unajua kwetu mwana aliyekosa maziko hufikia kaburini kwanza, akatupa udongo wake, ndipo akaingia nyumbani. Udongo huo hakuna afisa wa kuutupa kwa niaba yako.

Shangazi Rachel anakusalimu, na wanangu wanamuulizia mjomba wao. Mungu akutangulie njiani, maana nakuhesabu umeshafunga mizigo. Nijulishe siku ya kufika kabla ya Ijumaa, nipate la kumjibu.

Mdogo wako akupendaye,
Immaculata