Tunakuja Wanne

London, Jumatano

Walaal Issack, kaka yangu na abti, mjomba wa watoto wangu,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie kabla hujafungua bahasha hii. Garissa mnaendeleaje? Goti la mama yetu Hooyo limepoa, au bado anajikokota na fimbo hataki kuishika? Na mvua imeshuka upande wa Modogashe, au ng'ombe bado wanapelekwa mbali? Sisi afya tunayo, alhamdulillahi. Kinachonisumbua si afya.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Simu yangu siku hizi inakaa kwa mume wangu, Baba Zakariya. Anasema watoto wanaiharibu. Utashangaa tena kuona Kiswahili. Nimefanya makusudi, maana Kiswahili chake yeye kiliishia Dadaab, cha kuomba maji na kununua ndizi, kwa hiyo hata akiishika barua hii hataambulia kitu. Jirani yangu Mama Nasteho anasafiri Ijumaa kuja huko na ataificha ndani ya viatu vya wanawe. Isome ukiwa peke yako. Tumekatiwa tikiti za kuja Garissa likizo hii, na mmoja wetu hatarudi.

Nianze mwanzo, usije ukasema dada yako amechanganyikiwa na baridi. Baridi yenyewe haipo. Ni kiangazi, shule zimefungwa wiki sita, na jua linachelewa kuzama hadi watoto wanagoma kulala. Katika jiji hili msimu huu mzazi ana kazi moja: kila asubuhi kutafuta pa kuwapeleka watoto. Sisi miaka mitatu tuliyokaa hapa likizo yetu ilikuwa dirishani. Baba Zakariya akitoka kazini alitaka chai na kimya.

Mwaka huu amegeuka. Wiki ya kwanza alitupeleka kwenye jumba la mifupa ya wanyama wa kale, na Hibo wangu, mwenye miaka sita, akalia akidhani mifupa itashuka kumfuata. Kisha uwanja ambao maji yanaruka kutoka sakafuni na watoto wanakimbia katikati yake na nguo zao. Kisha tukapanda boti ya mtoni. Kisha maktaba, ambako mtoto akimaliza vitabu sita anapewa nishani. Njia nzima ananibebea mkoba. "Umechoka? Tukae kivulini?" Issack, miaka kumi na miwili ya ndoa, mtu huyu hajawahi kuniuliza kama nimechoka.

Mama Nasteho alituona tukirudi na aiskrimu mikononi. "Wewe umebata bwana kweli," akaniambia. "Yangu hata hii bustani ya hapa chini hajatubeleka. Mwambie afundishe wenzake." Nilicheka naye, lakini moyo wangu haukucheka.

Wiki iliyopita tukaenda kwenye shamba la mifugo katikati ya jiji. Ungevunjika mbavu. Watu wazima wamepanga foleni na watoto wao ili wamguse mbuzi mmoja, na kuna msichana mwenye fulana ya kijani anayefundisha namna ya kumgusa. Zakariya, mjukuu wa baba yetu Aabo mfuga ng'ombe, alinawa mikono mara mbili. Halafu Baba Zakariya akamimina chakula kiganjani, akamnyooshea yule mbuzi, na mbuzi akamfuata polepole mpaka mwisho wa ua. Hapo nikalikumbuka lile dume jekundu la Aabo.

Unalikumbuka? Alilifunga kivulini karibu na nyumba, akalilambisha chumvi kwa mkono wake siku kumi, sisi tukilichotea maji. Wewe ndiye uliyelipa jina, Guduud. Tulilionea wivu, tukidhani Aabo amelipenda kuliko sisi. Siku ya mnada lori lilipokuja, madume mengine yalipigwa na kuvutwa mikia. Guduud alipanda mwenyewe, akifuata kiganja.

Tangu siku ile ya mbuzi nilianza kumlinda Zakariya. Unaujua huu mtindo wa dhaqan celis: mtoto anaambiwa anakwenda likizo kwa bibi, kumbe anaachwa kwenye nyumba yenye kufuli ili arudishwe kwenye mila, na wazazi wanarudi bila yeye. Mtaani petu wameshakwenda wawili hivyo. Zakariya alipigana shuleni mwezi wa tano, na baba yake akasema huyu anahitaji adabu ya nyumbani. Nikajumlisha mambo. Tulipokuwa tunakunja nguo za safari, nikamwuliza mume wangu waziwazi.

Alinitazama kwa upole. "Mwanangu nimwache Garissa? Wallahi, Zakariya atarudi kabla shule haijafunguliwa."

Nilimwamini, na alikuwa anasema kweli.

Jana Hibo alirudi kutoka maktaba na picha ya yule mbuzi aliyoichora. Baba yake alikuwa amechapisha tikiti huko, nakala ya kwanza ikatoka hafifu, akampa mtoto achore nyuma yake. Nilikuwa nafuta meza nikaigeuza karatasi. Kwenda, majina manne. Kurudi, Zakariya yupo. Hibo yupo. Baba yao yupo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikasoma tena, nikitafuta jina langu.

Nilikaa chini nikahesabu mahali tulipokwenda. Mifupa, maji, mto, mbuzi: kote ni kule nilikokuwa nikiomba kupelekwa mimi tangu tufike. Watoto walikuwa wanataka kubaki nyumbani na michezo yao. Na wiki jana alichukua kadi yangu ya ukaazi, eti aiweke pamoja na pasipoti zisipotee. Karatasi za watoto zinajitegemea. Zangu zinategemea sahihi yake. Naogopa, Issack. Naogopa kusimama uani kwa Hooyo gari likiondoka, na Hibo ananipungia mkono akidhani nitafuata.

Usiniambie nikatae safari. Nikikataa ataondoka nao, na atawaambia watu nimekataa kumwona mama yangu. Nitakuja. Nakuomba jambo moja tu: ukishasoma, waite wazee wetu wawili, umpigie simu Baba Zakariya mbele yao. Usigombe, wala usitaje tikiti. Msalimie vizuri, uliza habari za watoto.

Hooyo usimwambie kitu. Mwache afurahi kwamba tunakuja. Nisalimie yeye, na eedo, shangazi yetu aliyetulea, na mwalimu wetu wa Kurani kule dugsi ambaye fimbo yake bado naisikia mgongoni. Wifi yangu mkeo nimempelekea dirac ya kijani kwenye begi la Mama Nasteho, asiishone upya kabla sijamwona ameivaa.

Leo asubuhi Baba Zakariya ameniletea hereni za dhahabu, akanivisha kwa mkono wake. Mbuzi wa Hibo nimemtia humu ndani ya bahasha, mgeuze uone. Ukishamaliza salamu, mwambie shemeji yako kwamba sisi ni watu wa mifugo. Mwambie mmehesabu wanne wanaokuja, na siku ya kurudi mtasimama mlangoni mwa gari, wewe na wazee, mhesabu wanne wanaopanda.

Ni mimi dada yako,
Shukri