Koti la Dada Yako

Al Khoudh, Maskati
Tarehe 4 Desemba

Kwa shemeji yangu mheshimiwa, Eunike,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wa nyumbani kwako Nyeri. Uniwie radhi kwa kuchelewa; barua yako ya Septemba ingali ndani ya Biblia yangu, haijajibiwa.

Sisi hatujambo. Shule zikifungwa mwezi ujao, nitamsindikiza mjukuu wetu Maryanne hadi nchi ya Georgia, akajifunze kuteleza kwa ubao juu ya theluji. Hufanya mazoezi sebuleni, amesimama juu ya kibao cha chapati cha nyanya yake, nami nimemshika mkono.

"Babu, niachilie! Somo la kwanza ni kuanguka," huniambia.

Shemeji, nina ombi la aibu. Lile koti la sufu nililokuvika mwenyewe siku tulipogawa nguo za marehemu, naomba uniazime. Najua nguo ya matanga hairudishwi. Wala si kwa ajili ya baridi, maana Maryanne ana nguo zake. Dada yako aliutazama weupe wa Mlima Kenya tangu utotoni, na katika ugonjwa wake aliniomba nimpeleke mahali akaiguse theluji. Nilimjibu, "Mwakani." Nataka walau koti lake lifike.

Barua hii anakuletea Harrison, fundi wa viyoyozi, jirani yetu anayekuja huko likizo na atakayerudi kabla ya safari yetu. Nimemwagiza asikudai chochote. Atakunywa chai, ataaga, kisha atasimama kidogo mlangoni.

Ni mimi shemeji yako mnyenyekevu,
Zachariah