Nimepasua Mti wa Dada Yangu

Gihundwe, Jumamosi, mwisho wa Agosti.

Mvua bado. Vumbi limekaa juu ya migomba mpaka majani yamekuwa mekundu, na upepo wa ziwani unaleta ubaridi kidogo halafu unauchukua. Jua linaelekea kuzama. Mikono yangu bado inanuka petroli ninapoandika, kwa sababu nimeshika msumeno wa mashine tangu asubuhi, baada ya mwaka mmoja na nusu wa kutougusa.

Lakini siandiki habari za msumeno.

Wanaopita kwenye blogu hii wamezoea picha: mipini ya majembe, ya shoka, ya sululu, imeegemezwa ukutani, na maneno mawili matatu juu ya mbao. Leo sina picha. Nina jambo nililolificha tangu siku tuliyomzika shemeji yangu Fidele, na leo limenitoka mdomoni mbele ya mtu niliyekuwa nikimficha kuliko wote: mke wake, Konsolata. Dada yangu wa tumbo moja.

Fidele hakuwa mume wa dada tu. Alikuwa mwenzangu wa kazi. Sisi watatu tulikulia Bukavu, tukarudi Rwanda tukiwa vijana, na mimi nilikuwa nazunguka Kamembe nikitafuta kazi yoyote, hata ya kubeba mizigo. Ni yeye aliyesema, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu kinachowaita watu bantu, "Bantu batalima siku zote. Na jembe bila mpini ni chuma tu." Tukanunua msumeno uliochoka, tukaufufua, tukaanza.

Hatukuwa na kiwanda. Tulipasua kwa ule msumeno wa kushika mkononi, na hata sasa wengi hupasua hivyo. Gogo linalazwa juu ya vipande viwili vya mti ili lisiguse udongo. Linabanwa kwa kabari, mbele na nyuma, lisibiringike. Mnavuta uzi uliochovywa katika unga mweusi wa betri za redio, mnaupiga mara moja, mstari unabaki. Kisha mwenye msumeno anaufuata ule mstari kutoka mwisho hadi mwisho, kwanza juujuu, halafu anarudia ndani zaidi, hadi ubao unaachana na gogo. Mimi nilikuwa mwenye msumeno. Fidele alisimama mbele yangu akiangalia mstari na kunionyesha kwa mkono: kushoto, kulia, polepole. Kwa mkono, maana mashine hiyo inameza maneno yote.

Alikuwa mtu wa kuangalia vitu mara mbili. Kabla sijawasha, alilizunguka gogo, akalisukuma kwa mguu, akainama kuona kama limekaa. Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia anapima gogo kama daktari.

Siku ile tulikuwa kwenye mteremko, na mkaratusi mkubwa, mzito, uliokatwa juzi yake. Kule ziwani wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Nilikuwa nimeweka kabari moja tu upande wa chini, ya mbele. Ya nyuma sikuiweka. Ningepaswa kwenda kuichonga, na mimi nilitaka tumalize kabla ya mvua.

"Weka kabari ingine huku nyuma, shemeji," alisema. "Hii muti iko nzito."

"Inatosha," nilimjibu. "Mvua inakuya."

Akasema tena. Nikamjibu tena hivyo hivyo, safari hii kwa hasira kidogo, na nikamwonyesha pa kusimama ili auone mstari vizuri. Upande wa chini.

Alisimama nilipomwonyesha.

Ubao wa kwanza ulipoachana na gogo, uzito ulihama, na gogo likaruka ile kabari moja na kuzunguka upande wa chini, alipokuwa amesimama. Sikumsikia. Niliona mkono wake ukipanda hewani, nikadhani ananionyesha mstari.

Majirani walikuja na machela. Alifariki njiani, hatujafika hata kwenye barabara ya lami.

Dada alitukuta pale njiani, akikimbia bila viatu. Alinishika shati na kuniuliza ilikuwaje. Nikasema, "Nilimwambia atoke upande wa chini. Hakusikia."

Basi. Maneno machache tu. Sikuyapanga. Yalitoka yenyewe, kama mtu anavyokinga uso anaporushiwa jiwe. Nilifikiri nitayarekebisha jioni. Jioni watu walikuwa wamejaa nyumbani. Kesho yake yalikuwa yameshafika kwa kila mtu. Siku ya mazishi niliyasikia yakirudi kwangu kutoka kwa watu nisiowajua: maskini, aliambiwa atoke, hakusikia, ni mapenzi ya Mungu.

Nikanyamaza. Kila wiki iliyopita ilifanya kunyamaza kuwe rahisi na kusema kuwe kugumu.

Msumeno niliuweka chini ya kitanda. Kuanzia hapo nilinunua mbao zilizopasuliwa na wengine, nikabaki na kazi ya kuchonga na kulainisha. Watu walidhani ni huzuni, wakaniheshimu kwa hilo. Hata mke wangu alidhani hivyo.

Wiki mbili zilizopita upepo uliangusha umusave uliokuwa nyuma ya nyumba ya dada, ule mti wa maua ya njano. Aliiomba serikali ruhusa ya kuupasua, akapewa. Siku hizi analima bondeni pamoja na kikundi cha wanawake kumi na moja, na majembe yao mengi yamebaki na mipini iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Umusave ni mti mzuri wa mipini: mnyoofu, mwepesi mkononi, haufanyi malengelenge. Akanipigia simu. Nikasema mnyororo wa msumeno umeisha meno. Akapiga tena. Nikasema sikio linauma. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na mkono kiunoni.

"Weye uko naogopa nini? Ni muti tu."

Nikasema nitakuja Jumamosi.

Asubuhi nilimkuta ameshamenya maganda kwa panga. Mahali penyewe ni karibu tambarare, mteremko mdogo tu, mtoto angeweza kukaa pale na mpira wake usimkimbie. Hata hivyo niliweka kabari nne. Kisha nikapiga ya tano. Dada alikuwa ananiangalia.

Tukapiga mstari. Nikawasha. Mwanzoni mikono ilikataa, msumeno ukapoteza mstari kwa upana wa kidole, nikasimama, nikapumua, nikaanza tena. Baadaye mwili ulikumbuka. Ukipasua kwa kufuata nyuzi za mti, msumeno hautoi unga, unatoa nyuzi ndefu zinazojikunja miguuni. Harufu ilikuwa nzuri. Kwa dakika chache nilikuwa karibu na furaha, na hilo nalo linaniaibisha.

Niliinua macho. Dada alikuwa amezunguka gogo, amesimama upande wa chini, ameshika chuma cha kulisukumia, tayari kunisaidia.

Nilizima mashine na kupiga kelele. Nilimwambia atoke pale, atoke mara moja, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake tangu utoto.

Hakukasirika. Alisogea, akajifuta jasho, akatabasamu kwa uchungu.

"Usiogope," alisema. "Miye nasikia bantu bakiniambia. Siko sawa na Fidele."

Sijui kama nitaweza kueleza vizuri kilichonipata hapo. Mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimehesabu uongo wangu kama kitu kinachonihusu mimi tu: mimi najiokoa, mimi naumia, mimi silali. Sikuwahi kufikiri kwamba umekaa nyumbani kwake na kula naye mezani.

Kwa hiyo nilisema. Nilikaa juu ya gogo na nikasema, nikimwita kama tunavyomwita dada mkubwa kule Bukavu, "Yaya, haikuwa hivyo." Nikamwambia yote, kabari ya nyuma, wingu, alivyoniomba, nilivyomjibu, mahali nilipomsimamisha. Sikulia. Nilitaka kulia ili anionee huruma, na nilijua ndiyo sababu, nikajizuia.

Alisikiliza huku ameshika kile chuma kwa mikono miwili.

"Alikuomba mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na weye ukamwambia nini?"

"Inatosha."

"Inatosha," alirudia, polepole, kama anajifunza neno la lugha ngeni.

Akakaa chini, juu ya zile nyuzi za mti. Kuku wake walikuja wakachakura karibu naye wakaondoka. Alipoongea hakunitazama.

"Nilimukasirikia," alisema. "Siku zote hizi. Nilimukasirikia mufu. Nilikuwa nasema, Fidele, ulishindwa kusikia neno moja tu, ukaniachia batoto babili? Pasikali akikimbia barabarani, namwambia, utakufa kama baba yako, hamusikiake. Kila siku namwambia vile. Kumbe ni yeye alikuwa anaona hatari."

Pasikali ana miaka tisa. Dada yake, Anjelika, ana kumi na minne. Wote wawili wamekua mwaka mmoja na nusu huu wakijua kwamba baba yao alikufa kwa uzembe wake.

Nikamwambia, "Yaya, unisamehe."

"Usiniombe leo."

Aliinuka akaingia ndani. Nilidhani hatatoka tena, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akatoka, uso umeoshwa, maji bado yanamtiririka kwenye kidevu.

"Maliza," alisema. "Mvua ikianza bamama batashika majembe na nini?"

Nikawasha tena. Tulifanya kazi mpaka mchana ukapita. Gogo nililipasua mara mbili, halafu robo, halafu nikazigawa robo kuwa mbao za unene wa vidole vitatu, na mbao nikazichana kuwa fito. Moyo wa mti nilitupa kando, maana mpini wenye moyo hupasuka. Zile ambazo nyuzi zake zilikatika njiani nazo nilizitupa, kwa sababu mpini wa namna hiyo humvunjikia mtu mkononi siku ambayo jembe limegonga jiwe. Alibeba kila ufito yeye mwenyewe hadi kivulini, akazipanga, akapaka udongo mbichi kwenye ncha ili zisikauke haraka. Alifanya kila kitu kama nilivyowafundisha wengine. Sikujua alikojifunzia hayo. Bila shaka kwa Fidele.

Zimetoka fito ishirini na sita nzuri.

Saa ya chakula ilifika ikapita. Dada yangu, ambaye hajawahi kumwacha mtu aondoke nyumbani kwake na njaa, hakuniletea hata maji. Silalamiki. Naandika tu ili nijue ilivyokuwa.

Nilipokuwa nafunga msumeno kwenye gunia, alikuja akasimama mbali kidogo.

"Batoto bako Bugarama kwa nyanya yao mpaka masomo yaanze," alisema. "Kesho utashuka kule. Utabaambia, bote babili, na mama ya Fidele. Weye mwenyewe."

Nikamwuliza kama tutakwenda pamoja.

"Hapana. Miye nilibaambia uongo bila kujua. Weye uliniambia ukijua. Nenda peke yako."

Nikamwuliza kama baada ya hapo naweza kurudi, kuja kuchonga ile mipini ikishakauka.

Alifikiri. Naapa alifikiri kweli, sikuona chuki usoni mwake, niliona mtu anayetafuta kitu nyumbani mwake na hakikuti.

"Nitakuita," alisema. "Ao sitakuita. Sijui."

Nilitembea nyumbani kwa miguu. Pikipiki nyingi zilinipita, madereva wakanipigia honi, sikusimamisha hata moja. Nilipofika nilimweleza mke wangu. Sasa yuko jikoni, na sahani anaziweka polepole mno, kama nyumba ina mgonjwa.

Najiuliza kama ningesema leo, kama dada asingesimama upande ule. Nataka kuandika ndiyo. Jibu la kweli ni kwamba ningepiga kabari ya sita na kuendelea kunyamaza.

Najiuliza pia Anjelika atanitazama vipi. Yeye ndiye aliyenishika mkono siku ya mazishi. Aliniambia, "Mjomba, usijilaumu, ulimwambia." Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimwacha aendelee kunishika.

Basi la kwanza la Bugarama linaondoka Kamembe asubuhi mapema. Nitashuka kwenye lile joto, nitapita mashamba ya mpunga, nitafika kabla hawajatoka kwenda kusali. Nimejaribu kuandika hapa maneno nitakayoanza nayo, nimeyafuta mara nne. Mama yake Fidele ni mukecuru, bibi kizee, mzito wa masikio siku hizi. Siwezi kumnong'oneza. Nitalazimika kusema kwa sauti kubwa, na atanishika bega aniambie sijasikia, mwanangu, sema tena, nami nitasema tena, kwa sauti zaidi, na majirani watatoka nje kusikiliza.

Watoke.