Kifuniko chenye Matundu Sita

Jumatatu, 6 Machi
Mwenye duka la magitaa hapa Shillong kanicheka mbele ya wateja. Eti, "Bah Donbok, kaka yangu, gitaa lisilo na kichwa, na vikazio vya nyuzi unajichongea kwa boliti za baiskeli?" Si za baiskeli! Ni za milimita nne, kila mzunguko unavuta milimita 0.7. Mizunguko kumi, milimita saba. Inatosha. Shule niliiacha darasa la saba, hesabu haikuniacha.

Jumatano, 8 Machi
Nyuzi sita zimefungwa. Mvuto wa kilo arobaini na nane, jumla. Vikazio viwili vinazunguka, vinne vimekwama—chuma juu ya chuma. Nikitia koleo vinaruka, sauti inapitiliza. Wanphrang, mpigaji aliyeniagiza gitaa hili, kaja kuona. Mpole, ndicho kinachouma. "Bah, Jumamosi siendi jukwaani na koleo. Lisipotulia kufikia Ijumaa, nabeba lile langu la zamani." Miezi minane ya kazi!

Ibanri alikuwa anakata popoo. Mdogo wangu, kitindamimba, na kwetu binti wa mwisho ndiye mrithi na mtunzaji wa mali ya ukoo, kwa hiyo nyumba ni yake. Mimi na karakana yangu tuko hapa kwa hisani. Hakuinua hata macho. "Kaka, kinalia kwanza ndipo kinasogea. Nakisikia toka jikoni. Weka kitu laini katikati."

Shaba! Washa za shaba, vipete bapa vya kutenganisha chuma na chuma. Mimi na vipimo vyangu vyote, yeye na sikio la kwaya.

Alhamisi, 9 Machi
Maduka matano ya vyuma. Mabomba ya shaba yapo, bati bapa la shaba hakuna. Nikarudi nimelowa. Ibanri kaniwekea mezani kikopo cha chokaa ya tambuu cha marehemu Mama. Shaba tupu. Kifuniko nikakipima: milimita moja kasoro kidogo.

"Hiki ni cha ukoo, Ibanri."

"Najua. Mtunzaji nani? Toboa."

"Na Mjomba akikiona?"

"Mjomba anatafuna tambuu, hatafuni kifuniko."

Washa sita zikatoka humo. Mimi na keekee, napima mara tatu kabla ya kila tundu. Yeye kakishika kifuniko, ananihimiza nitoboe. Miaka kumi na tisa nanung'unika kwamba funguo za nyumba alipewa yeye.

Ijumaa, 10 Machi
Vidole viwili tu, vinazunguka vyote sita! Wanphrang kavuta nyuzi, kazipinda, kapiga saa nzima. Hakuna uliolegea. "Bah, kesho naenda na hili."

Kisha Mjomba Kynsai, bila taarifa. Mambo ya ukoo yote hupita kwake. Niko karakana, ukuta ni mbao tu, nasikia kila kitu. Ibanri kampa tambuu, chokaa kwenye kisosi. Kisosi! Mjomba: "Kikopo cha dada yangu kiko wapi?" Kikaletwa. Nasikia kifuniko kikigongwa mezani. "Nani katoboa?"

"Mimi, Mjomba."

Uongo! Keekee hajawahi kuishika maishani. Wakimnyang'anya utunzaji kwa ajili ya washa zangu—

Wanphrang, bado yuko nami karakana, kaanza kupiga, polepole. Kila uzi uko mahali pake. Naweka kalamu, naingia kumwambia Mjomba ni mimi niliyetoboa