Pikipiki Inayojipiga Stata

Jumatatu, 13 Aprili

Mizigo minane ya vitenge kutoka Kariakoo, yote imefika. Wa mwisho Magomeni. Jangwani maji yamejaa, nimezunguka mbali, nimelowa mpaka ndani. Swichi ya stata imekufa tena. Nabonyeza, kimya. Goti langu la kulia halitaki kupiga kiki tangu nilipoanguka mwaka juzi, kwa hiyo leo nimesukumwa na watu mara nne. Aibu. Mwanamke juu ya pikipiki wanamkodolea macho tayari. Akisukumwa ndiyo wanatoa na simu.

Nimeifungua swichi barazani. Kispringi kimeruka, nimekipapasa chini robo saa. Ndani kutu ya kijani tupu. Nimepiga msasa, nimerudishia. Bado kimya.

Jumanne, 14 Aprili

Nimepima kwa balbu ya indiketa niliyoifunga nyaya mbili. Betri nzima. Stata nzima. Umeme unatoka kwenye funguo ila haufiki kwenye swichi. Waya umekatika huko ndani, na kuutafuta ni kufumua pikipiki. Sina siku hiyo. Nimevuta waya mwingine, moja kwa moja kutoka betri mpaka kwenye kitufe, funguo nimeiruka. Tepu nyeusi ya umeme imeisha, nimezungushia selotepu ya kufungia mizigo. Nikabonyeza, ikaitika. Fundi wa nini tena. Nimejisifu mwenyewe.

Imelala ukumbini kama kawaida. Gia ndani isiserereke, usukani nimeukunja kushoto nikaupiga loki. Hapa Ilala kitu ukikiacha nje umekigawa. Bi Zuhura, mwenye nyumba, aliniruhusu kwa sharti moja: ikiwa mbovu isiingie. Vyumba sita, na uani hakuna mlango wa kutokea nje. Ukumbi ndiyo njia yetu sote.

Jumatano, 15 Aprili

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Magharibi Bi Zuhura alikuwa anatoka uani kutia udhu, anapita ukumbini. Pikipiki ikalia yenyewe. Funguo ninayo mimi, chumbani. Ikaruka mbele, ikaanguka, usukani ukapiga ukuta pale pale alipokuwa amesimama. Imemkosa goti kwa shubiri moja. Yule mama ana miaka sabini na kitu. Ilipolala chini ikanyamaza.

Nyumba nzima ikatoka. Mama Neema wa chumba cha pili akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Bi Zuhura akasema taratibu kwamba hiki kitu kimeingiliwa. Jini. Wote wakakubali.

Mimi nilijua. Pale pale nilijua ni waya wangu, haupitii kwenye funguo. Nikatingisha kichwa pamoja nao, eti na mimi nashangaa. Nikisema, pikipiki italala nje, na asubuhi sitaikuta. Bila pikipiki mimi mjini hapa sina kazi.

Nimeng'oa waya wa betri, nikajiambia yamekwisha. Bado naogopa. Jini lingekuwa nafuu.

Alhamisi, 16 Aprili

Viganja vinawaka, naandika kwa vidole viwili.

Asubuhi nilirudisha waya wa betri, nikaenda kazini. Nilijaribu stata kila nilipopaki, usukani umenyooka, sikuona kasoro. Koki ya mafuta tu, inavuja tangu pikipiki ilipoanguka. Tone moja moja. Nikasema nitaitazama kesho.

Nimerudi saa kumi na mbili kasoro, njaa inauma. Nikaiingiza, nikakunja usukani, nikatoka kununua chapati. Waya wa betri sikuung'oa. Nilisahau. Sina maelezo mengine.

Narudi, ukumbi umejaa watu. Kila Alhamisi Bi Zuhura hufukiza ubani chumbani kwake. Leo alimwita ustadhi aje asome, na chetezo wamekiweka sakafuni, karibu kabisa na tangi, ili moshi ulipate jini vizuri. Makaa mekundu. Harufu ya ubani imefunika ya petroli. Hakuna aliyenusa. Mimi niliona doa linang'aa sakafuni, linatambaa, limebakiza hatua moja kufika kwenye chetezo. Watu kumi na mmoja. Watoto wa Mama Neema wamesimama nyuma kabisa, upande wa uani.

Sikungoja kueleza. Nikawapita katikati, nikakibeba chetezo kwa mikono mitupu, nikakimbia nacho mpaka barabarani, nikakitupa kwenye dimbwi. Nyuma yangu wanapiga kelele, limempanda, limempanda. Wanaume wawili wakanikamata. Ustadhi akanishika utosi, akaanza kunisomea sikioni. Nalia, najitingisha waniachie, na kila nikijitingisha ndiyo wanazidi kunibana.

"Taja jina lako," ananiambia. Analiambia jini.

Nikasema naitwa Mwajuma, nakaa chumba cha tatu, ule waya nimeufunga mimi kwa selotepu, sakafuni kuna petroli, watoeni watoto.

Wakaniachia.

Tumeisukuma nje. Nimeng'oa waya wa betri, nikafungua swichi mbele yao. Selotepu imelainika kwa joto, imeteleza. Nyaya mbili uchi. Usukani ukinyooka zinaachana, ukikunjwa kushoto zinakaribiana, mtikiso kidogo tu zinagusana. Ustadhi akainama akatazama, akasema alhamdulillah, akaaga. Bi Zuhura akazitazama nyaya, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimempelekea fundi. Swichi mpya, koki mpya. Waya wa zamani ameuona umekatika hapo tu chini ya taa ya mbele. Nusu saa. Nusu saa ndiyo niliyoikwepa.

Mama Neema alikuja na dawa ya kuungua, akanipaka viganja vyote viwili, polepole. Halafu akaniuliza kama juzi nilikuwa najua. Nikamwambia ndiyo. Akafunga kifuniko, akaondoka. Dawa ameniachia.

Nimempa Bi Zuhura shikamoo, hakuitikia. Miaka mitano namwamkia, haijatokea. Bora angenitukana. Bora angenifukuza. Nikifumba macho nawaona wale watoto kule nyuma, na moto katikati yetu, na mimi nje na chapati zangu. Leo nimeogopa kuliko jana.

Jumapili, 19 Aprili

Pikipiki inalala Kariakoo, kwenye ua wa ghala, kwa mlinzi. Mimi narudi kwa miguu. Mvua imekatika.

Nimesugua ukumbi kwa sabuni mara tatu. Nilipokuwa namalizia, Bi Zuhura akatoka uani, ametoka kutia udhu. Nikainuka, nikamwamkia. Akasimama kidogo.

"Marahaba."

Basi. Halafu akapita akiambaa ukuta wa upande wa pili, mkono mmoja ukutani, mbali na pale ilipokuwa inalala pikipiki. Hakuna kitu pale sasa, ni sakafu tu. Nilishika ndoo yangu nikangoja mpaka akaingia chumbani kwake.