Njegere Zimekwea Ngazi ya Shemeji

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana yamenifika shingoni. Mimi ni fundi cherehani, na nyuma ya nyumba nina sanduku la mbao nililolijaza udongo na mbolea, humo nimepanda njegere zile zinazoliwa changa pamoja na ganda lake, basi mdogo wake mume wangu, fundi rangi, akaja kutusalimia siku mbili tu, akaegemeza ngazi yake kwenye lile sanduku, siku mbili zikawa wiki, wiki zikawa nyingi, na njegere si unazijua, zikiona kitu cha kushika hazingoji kukaribishwa, zikanyoosha vikono vyao vyembamba zikaikwea ngazi mpaka juu, sasa zimetoa maua na kuanza kuzaa, na kila nikimuuliza, "Shemeji, kazini lini?" ananijibu kwa upole, "Shem, ningeenda hata leo, ila nikiivuta ngazi nitaiua mimea yako, dhambi hiyo siiwezi," kisha huyo, anarudi kwenye kochi langu na chai yangu. Mume wangu anasema nimwache, eti mdogo wake ana huruma. Huruma! Juzi asubuhi nimemkuta anavifunga vile vikono kwenye ngazi kwa uzi wangu mwekundu wa cherehani! Nataka aondoke, lakini mshauri, sijawahi kuvuna njegere tamu namna hii, maana anazimwagilia asubuhi na jioni, na ngazi ikitoka naona zote zitakufa. Nifanyeje?

Fundi Cherehani Asiye na Kochi

Fundi, pole sana. Kuishi na mtu mzima anayejificha nyuma ya maua ya njegere si mchezo. Lakini ngoja nikuseme kidogo. Ulimwona shemeji yako akifunga uzi, na bila shaka ukaenda kuchukua bakuli la kuvunia. Ngazi hiyo mmeing'ang'ania wote wawili: yeye anapata kochi, wewe unapata mtu wa kumwagilia bure. Mume wako mwache kwanza.

Sasa sikia. Leo hii tafuta vijiti virefu, vichomeke kwenye sanduku, uvizungushie huo huo uzi mwekundu. Vikono vilivyoshika ngazi vikate kwa mkasi, usivivute, na shina ulifunge taratibu kwenye kijiti. Vikono vipya vitajishikia vyenyewe. Utapoteza bakuli moja la njegere. Lia kidogo, uendelee.

Akisema bado ana huruma na mimea, mpe brashi akupakie rangi nyumba. Kila ukuta una sehemu ya chini, na ya chini haihitaji ngazi. Aanze na jikoni, na chai aikute huko huko. Hatafika usawa wa dirisha kabla hajaiulizia ngazi yake mwenyewe.

Akishaondoka, ndoo ya maji ni yako asubuhi na jioni, na usije ukaniandikia tena kulalamika kwamba mgongo unauma. Kama huwezi, msimu ujao otesha mchicha. Mchicha hauna vikono. Haushiki ngazi ya mtu, wala haushikilii mgeni.