Swali la Ukoo

Mke mwenzangu Kemilembe,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata. Hapa Songambele hatujambo. Kahawa iko juani na mguu wa mama yako umepona.

Umeuliza utamjuaje fundi mzuri wa kushona kati ya wasichana watatu utakaowasaili hapo Dodoma. Swali lako limenitia aibu.

Nikiwa msichana, tuliitwa wawili kusailiwa kazi kwa fundi cherehani mmoja pale Nkwenda. Mwenzangu, Paskazia, alikuja na gauni aliloshona mwenyewe. Fundi akaanza na mimi: "Binti, ninyi ni wa ukoo gani?" Nilipomtajia, akapiga makofi. "Kumbe wewe ni shangazi yangu!" Tukasalimiana upya, tukaulizana habari za wazee wote mpaka chai ikapoa. Paskazia akaambiwa nafasi imejaa.

Kesho yake nikakalishwa kwenye cherehani, nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Fundi akaangalia chini. Angemfukuzaje shangazi yake? Nami kila alichoniuliza nilikuwa nimekijibu sawasawa.

Basi wewe wape kwanza kitambaa na mkasi. Habari za ukoo mtaulizana baadaye.

Juzi jirani yetu alituletea mkungu wa ndizi. Tulipokwisha kula ndipo akasema binti yake ni mmoja wa hao watatu, akaomba nikuandikie jina lake. Nikaitikia, ndizi ziko tumboni tayari, ningesemaje?

Nimekuandikia. Jina silitaji.

Bibi yako